UZI: Darasa la kidato cha nne 2001, shule ya juu ya Himo. Nani ahesabiwe kuwa mwanadarasa?

Mleta uzi

Ndugu zangu,

Nafungua uzi huu kwa ajili ya waliomaliza kidato cha nne mwaka 2001 katika shule yetu ya mlimani, ile iliyo juu ya Himo upande wa kwenda Marangu, na kwa yeyote aliyesoma katika shule ndogo za Moshi Vijijini miaka hiyohiyo, maana nina hakika mambo yetu yalifanana. Jina la shule silitaji. Waliopita pale watalitambua kabla hawajamaliza aya ya pili, na wasiopita hawapungukiwi kitu.

Kinachonisukuma kuandika ni orodha. Kamati inayoandaa mkutano wa darasa, utakaofanyika Moshi mjini mwezi Desemba wakati watu wamerudi nyumbani kula Krismasi, imesambaza orodha ya wanadarasa, na orodha hiyo imenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye matokeo ya mtihani wa taifa. Aliyefanya mtihani yumo. Ambaye hakuufanya hayumo. Mimi naona orodha hiyo ina kasoro kubwa, na ili kasoro yenyewe ieleweke inabidi nianzie tulipoanzia.

Tuliripoti kidato cha kwanza Januari 1998, wakati mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia zilikuwa bado hazijatuacha. Magari kutoka Himo yaliishia chini barabarani, na wazazi walipanda na matranka kichwani kwenye utelezi, huku kila mwanafunzi mpya amebeba jembe, fyekeo, ndoo na ufagio kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza. Tulikuwa mikondo miwili, A na B, tumebanana watatu watatu kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Wa bweni walitoka Rombo, Mwanga, Same, na wachache Arusha. Wa kutwa walitoka vijiji vya jirani na Himo penyewe. Ilipofika siku ya mahafali mwaka 2001, mikondo yote miwili ilikaa pamoja mbele ya wazazi na viti vikabaki.

Asiyeujua mkoa wetu anaweza kudhani kwamba waliopungua ni wale waliofeli. Mtihani wa kidato cha pili ulichangia, sikatai, na kuna waliohamishiwa shule nyingine. Lakini sehemu kubwa waliondolewa na kahawa. Kwa vizazi kadhaa, ada ya mtoto wa mlimani ilitokana na mibuni iliyoota kihambani, yaani kwenye shamba la familia linalozunguka nyumba, chini ya migomba. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, ilikusanya kahawa kupitia vyama vya msingi, na mkulima alilipwa kwa awamu: malipo ya awali anapopeleka mzigo, kisha nyongeza, na masalio baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi. Mzazi aliyekuwa na watoto watatu shuleni aliijua kalenda hiyo kwa moyo kuliko kalenda ya ukutani. Kisha mambo yakaja kwa mfululizo. Mwaka 1989 ulivunjika utaratibu wa kimataifa wa kugawana mauzo ambao ulikuwa ukishikilia bei. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Na Vietnam na Brazil zilipoongeza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990, bei ya dunia iliporomoka hata ilipofika 2001 ikawa ya chini kuliko ilivyokuwa kwa miongo kadhaa. Sisi tulisoma katikati ya poromoko hilo bila kujua kwamba kuna jambo kama hilo. Tulichokiona ni mwenzetu kuitwa ofisini Jumatatu asubuhi, kurudi kuchukua madaftari, na dawati kupata nafasi.

Kuna jambo lingine linaloniudhi kila nikilikumbuka. Shule ilikuwa na shamba lake la kahawa, na Jumamosi za msimu tulichuma sote, tukaimenya kwa mashine ya mkono, tukaiosha na kuianika kwenye chanja za waya. Waliorudishwa nyumbani kwa sababu kahawa ya baba zao haikuwa na bei walikuwa wamechuma kahawa ya shule wiki iliyotangulia. Na mwaka huohuo wa 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi, kwa hiyo wadogo zetu walianza kusoma bila ada wakati kaka na dada zao wa sekondari wanafukuzwa kwa kukosa ada. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilikuja kufutwa Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wanaosoma uzi huu na kudhani kwamba mtu aliyeishia kidato cha tatu alikuwa mvivu.

Sasa nifike kwenye hoja. Nikijaribu kukumbuka darasa letu, watu wanaonijia kwanza ni wale wasio kwenye orodha ya kamati. Aliyeanzisha sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kidato chetu hayumo. Aliyetufundisha Hisabati usiku, mwalimu wa somo hilo alipohamishwa na nafasi yake ikakaa wazi, hayumo. Alimaliza milinganyo yote ya kidato cha tatu kabla sisi hatujaanza, kisha akaondoka kabla ya mwaka kuisha. Na ile siku ya Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999, tuliposikia kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London, redio tuliyoizunguka ilikuwa ya kijana mmoja wa mkondo B kutoka Rombo. Tulifuata Radio Tanzania kwenye redio hiyo siku zote za maombolezo, hadi maziko ya Butiama tarehe 23. Mwalimu wa Uraia alikuja akasimama nyuma yetu, akasikiliza hadi mwisho bila kutufukuza, ingawa redio bwenini ilikuwa kosa. Mwenye redio hayumo kwenye orodha.

Pendekezo langu ni kwamba orodha iandikwe upya kuanzia daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza, mikondo yote miwili, na kila aliyeandikwa humo aalikwe. Nawaombeni maoni, hasa ninyi wajumbe wa kamati.

---

Mjumbe wa Kamati

Dada mleta uzi, salaam. Nimesoma andiko lako mara mbili, na kwa kuwa mimi ni miongoni mwa walioandaa orodha, naona nina wajibu wa kujibu kwa utaratibu.

Kwanza, orodha ya matokeo tuliichagua kwa sababu ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa ambayo hakuna anayeweza kuibishia. Tungeanza kwa kuulizana nani anamkumbuka nani, tungegombana hadi Krismasi ya mwaka mwingine, na ninyi mnatujua. Pili, mahafali ni ya wahitimu. Hilo silo dharau kwa mtu. Ni maana ya shughuli yenyewe.

Tatu, na hapa naomba univumilie, mimi naamini kuna jambo lililotufanya kuwa darasa moja ambalo walioondoka mapema hawakulipitia. Nakumbuka muhula wa mwisho. Tulikuwa tumeshafanya mtihani wa moko na wengi wetu tumepata aibu. Umeme ulikuwa hauaminiki, tukawa tunajisomea kwa karabai moja ya shule iliyoning'inizwa katikati ya chumba, wenye bahati wakiwa karibu nayo, na wengine wakifungua chemli zao kwenye kona. Mshumaa bwenini ulikuwa kosa la kufukuzwa bila mjadala, kwa sababu mkoa mzima ulikuwa haujasahau moto wa Shauritanga, kule Rombo, wa Juni 1994, ulioua wasichana zaidi ya 40. Matroni alikuwa akipita na tochi saa sita usiku kunusa harufu ya nta. Kwa hiyo tulijifunza kukariri gizani: mmoja anauliza sababu za Vita vya Maji Maji, wa kitanda cha juu anajibu, wa tatu anasahihisha.

Kisha mtihani wenyewe. Gari lilipanda na bahasha zilizofungwa kwa lakiri, pamoja na askari mwenye bunduki ambaye alikaa chini ya mti wa mbele ya ofisi siku zote za mtihani na hakusema neno na mtu yeyote, ingawa wapishi walimpelekea uji. Kila mmoja alikuwa na namba yake imebandikwa kwenye meza. Karatasi ya Hisabati ilipofunguliwa, kijana mmoja wa safu ya mbele alicheka kwa sauti, akaonywa na msimamizi, na hadi leo hajatuambia alichekea nini. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata tulirudi kusoma matokeo kwenye ubao wa matangazo, tukayatafuta majina yetu kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu chini ndiko tulikohofia kujikuta. Waliopita hapo pamoja wana kitu kinachowaunganisha, na ndicho nilichotaka mkutano ukikumbuke.

Nne, kuna suala la heshima. Umefikiria jinsi mtu aliyeishia kidato cha tatu atakavyojisikia akikaa meza moja na watu wanaoulizana walisoma chuo kipi? Huenda kutomwalika ni kumsitiri.

Naomba nisieleweke kwamba nakataa. Nataka tufikiri kabla hatujatuma kadi.

---

Wa Kutwa, Himo

Mjumbe, kaka yangu, hoja ya nne sikubaliani nayo hata kidogo. Anayejua kama atajisikia vibaya ni mwenyewe, basi aulizwe.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kutwa, na wa kutwa tulikuwa daraja la pili machoni pa wa bweni hadi ilipofika saa nne asubuhi, tulipofungua mifuko. Parachichi moja lilibadilishwa kwa nusu mche wa sabuni, na ndizi mbivu kwa zamu ya kufagia darasa. Wapare wa Same walikuwa wagumu kuliko wote kwenye mapatano, na kesi zao zilifika hadi kwa kaka mkuu. Mmoja aliwahi kudai arudishiwe sabuni kwa kuwa parachichi lilikuwa na kokwa kubwa. Watani zangu mtanisamehe, ila alishinda kesi.

Kwa hiyo mkitaka orodha ya wanadarasa, wa kutwa tunaweza kuwapa nusu yake kwa kukumbuka madeni tu.

---

Mpare wa Kitanda cha Juu

Kokwa lilikuwa kubwa kweli. Nakumbuka kesi hiyo na ninaunga mkono hukumu.

Naunga mkono pia pendekezo la dada mleta uzi. Mwenzangu wa kitanda cha chini aliondoka Julai 2000 na tranka lake lilibaki bwenini hadi tulipomaliza, kwa sababu alidhani atarudi.

---

Dada wa Bweni la Wasichana

Shikamooni mlionizidi umri, na wengine salaam.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wanaume wa uzi huu hawajaligusa. Dada mleta uzi amesema kwamba wengi waliondolewa na kahawa, na kwa jumla amesema kweli, lakini katika bweni letu kulikuwa na sababu nyingine pia. Wasichana walipimwa mimba, na aliyekutwa nayo alifungasha siku hiyohiyo. Hakuna aliyesimama mstarini kueleza. Godoro liliviringishwa, kitanda kikapewa mtu mwingine, na sisi tukaambiwa tusiulize. Nawakumbuka vizuri waliotoka kwa njia hiyo katika darasa letu. Mmoja alikuwa wa kwanza katika Baiolojia mihula yote aliyokuwapo. Vijana waliohusika, ambao baadhi yao tuliwajua, walimaliza masomo, na kwa mantiki ya orodha ya kamati hao wana haki ya kualikwa na wasichana wale hawana.

Serikali ilitoa waraka Novemba 2021 kuruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wanaojifungua, warudi kusoma katika mfumo rasmi. Kwa binti zetu ni jambo jema. Kwa wenzetu wa 1998 hadi 2001 ulikuja wakati baadhi yao wana wajukuu.

Naunga mkono orodha mpya, kwa sharti moja: isiwe na safu ya maelezo. Kusiandikwe ameacha lini wala kwa nini. Wala mshereheshaji asije akasimama na kuwaita mbele ili wapigiwe makofi ya huruma, maana nawajua washereheshaji wetu. Wakae walipokaa wengine, wale machalari waliyokula wengine, na atakayetaka kusimulia maisha yake atasimulia mwenyewe.

---

Mwenye Redio

Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na Wa Kutwa wa Himo, ambaye tunakutana sokoni. Naona nazungumzwa, basi nijibu.

Redio ilikuwa ya babu yangu, na siku zile za msiba betri zilikwisha siku ya tatu. Dada mleta uzi hakutaja kwamba tulikuwa tunazianika juani juu ya paa la jiko ili zipate nguvu kidogo, na kwamba mwalimu wa Uraia ndiye aliyetununulia mpya kwa fedha yake. Alinipa zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, akaniambia nisiseme. Nadhani sasa naruhusiwa kusema.

Kuhusu kuondoka kwangu, nataka kuweka sawa jambo moja, kwa sababu naona mnatuzungumza kana kwamba tulizolewa na maji. Kahawa ya nyumbani haikukosa bei kabisa. Ilipata bei ya kusomesha mtoto mmoja, na sisi tulikuwa wawili sekondari. Baba alituita jioni, akaweka fedha mezani, akasema hali ilivyo, kisha akanyamaza. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha kwanza. Mimi ndiye niliyesema asome yeye. Alimaliza mwaka 2003, akaenda chuo cha uuguzi, na ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho wake. Katika nyumba nyingi za Rombo mambo yalikwenda kinyume chake, msichana ndiye aliyerudi, kwa hiyo sijisifu, naeleza tu kilichotokea kwetu. Mnapoandika kwamba kahawa ilituondoa, kumbukeni kwamba katika baadhi ya nyumba kulikuwa na mazungumzo na kulikuwa na uamuzi, na wengine wetu tulishiriki kuufanya.

Baada ya hapo tulikata sehemu ya mibuni tukapanda nyanya, kama majirani wote, na kwa miaka kadhaa nyanya zilitulisha. Nilikuwa nikishusha matenga Himo na wakati mwingine kuyavusha Holili kwenda gulio la Taveta. Baadaye nilichukua miche mipya ya TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Lyamungu, ile isiyoshambuliwa na magonjwa ya chulebuni wala kutu ya majani, nikarudisha kahawa palipokuwa na nyanya. Miche ya zamani ilimaliza fedha za baba kwa dawa za kunyunyizia. Hii imenipunguzia gharama hiyo, ingawa bei bado ni ya kupanda na kushuka na sitawadanganya kwamba nimetajirika.

Siku ya mahafali yenu mwaka 2001 nilikuwapo. Nilikuja na gari lililoleta soda, nikiwa utingo. Nilizishusha kreti, nikapanga chupa mezani, na kwa kuwa mlikuwa mmevaa mashada ya karatasi za rangi na mnapigwa picha, wengi hamkuniona. Wawili waliniona. Mmoja aliniletea sahani ya pilau nyuma ya bwalo, akakaa akala pamoja nami, akachelewa kuingia kwenye picha ya pamoja, na ndiyo maana hayumo kwenye picha hiyo hadi leo. Risala niliisikiliza yote. Ilisema kwamba darasa lilikabiliwa na changamoto ya uhaba wa walimu wa sayansi, upungufu wa vitabu na ukosefu wa uzio. Sisi tulioondoka hatukutajwa, na mgeni rasmi aliahidi uzio.

Mjumbe wa Kamati ameuliza nitajisikiaje nikikaa meza moja na wasomi. Namjibu kwa heshima: hukaa nao kila Desemba, wanapokuja kuniuliza mipaka ya vihamba vyao iko wapi. Nikialikwa nitakuja, na mchango nitatoa kama wengine.

---

Mleta uzi

Mwenye Redio, kaka yangu, nimefurahi kupita kiasi. Sikujua habari ya betri wala ya mazungumzo yenu na baba, na nakubali kwamba maelezo yako ni kamili kuliko yangu. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Uzio haukujengwa, kwa taarifa yako.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mmoja wenu amenionyesha mazungumzo haya, na nimemwomba aniandikie kwa kuwa macho yangu hayapendi kioo cha simu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa wa mkondo B tangu mlipoingia hadi mlipofika kidato cha tatu. Daftari rasmi la mahudhurio ni mali ya shule na litakuwa kwenye stoo, ikiwa mchwa wamelihurumia, lakini mimi nilikuwa na desturi ya kuandika daftari langu la pembeni, na lipo. Majina ya mkondo wangu ninayo yote, pamoja na vijiji mlivyotoka. Mwalimu mwenzangu wa mkondo A amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjane wake yupo Kiboriloni, na nimeanza kuulizia kama makaratasi yake yalihifadhiwa.

Mmezungumza mengi kuhusu ada, basi niwaeleze ilivyokuwa kutoka upande wa ofisi. Shule kama yetu haikuwa na mfuko mwingine. Unga, maharage, mishahara ya wapishi, mlinzi na walimu wa muda, vyote vilisubiri ada, na ada ilisubiri mnada. Mkuu wa shule aliruhusu wazazi kulipa kwa mahindi, kwa kuni, hata kwa siku za kazi ya ujenzi, na darasa mlilosomea kidato cha nne lilipigwa lipu na mzazi mmoja aliyekuwa akilipa kwa njia hiyo. Mtoto wake alimaliza. Lakini maharage ya duka yalihitaji fedha taslimu, na mwenye duka naye alikuwa akidai. Ilipofika mwezi ambao deni limezidi, orodha ya majina ilisomwa mstarini, na aliyepangiwa kuisoma ni mwalimu wa darasa. Katika daftari langu sikuwafuta waliokwenda. Niliandika nukta ndogo pembeni ya jina, nikawa naendelea kuliita jina hilo kila muhula unapoanza, kwa sababu baadhi walirudi baada ya msimu, na mtoto anayerudi hapaswi kukuta jina lake limekatwa.

Huyo binti wa Baiolojia nimemkumbuka. Alinitembelea miaka michache iliyopita. Ana duka la dawa na anaishi vizuri. Zaidi ya hapo nitamwachia mwenyewe.

Ushauri wangu ni huu: pangeni majina kwa alfabeti, mikondo yote, bila daraja la ufaulu, bila cheo, bila mwaka wa kuondoka. Na marehemu wawekwe humohumo, kila mmoja mahali pa herufi yake.

---

Mjumbe wa Kamati

Mwalimu, shikamoo. Asante kwa daftari, na asante kwa kutosahau.

Nimewasiliana na wajumbe wenzangu usiku huu. Msimamo wangu kuhusu mtihani sijauacha. Bado naona tulioupitia tulipitia kitu, na tutakuwa na muda wetu wa kukumbuka karabai na askari wa bunduki. Lakini maelezo ya Mwenye Redio yamenionyesha kwamba hofu yangu ya kumwaibisha mtu ilikuwa na maana kwetu zaidi kuliko kwake. Kamati imekubali yafuatayo: orodha ya kwanza imefutwa, orodha mpya itaandikwa kutoka kwenye daftari la Mwalimu, pamoja na makaratasi ya mkondo A yakipatikana, haitakuwa na safu ya maelezo, na mshereheshaji ataandikiwa anachotakiwa kusema, ili asiongeze ya kwake. Mchango utakuwa uleule kwa wote, na asiyeweza atamwona mweka hazina kimya kimya bila jina lake kutangazwa.

Kwa kuwa idadi itaongezeka, ukumbi tuliouwekea nafasi mjini hautatosha. Tumemwomba mkuu wa shule wa sasa atupatie bwalo. Amekubali, ila ameuliza kama tunaweza kuchangia kitu kwa shule.

---

Wa Kutwa, Himo

Uzio.

---

Mpare wa Kitanda cha Juu

Uzio, lakini kwanza tupate makadirio ya fundi kwa maandishi, yenye sahihi.

Na lile tranka lililobaki bwenini nilihama nalo nilipomaliza, nikalipeleka nyumbani Same, ambako hadi leo mama anahifadhia mbegu za mahindi. Lina jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nitakuja nalo, na mbegu nitazihamishia kwenye ndoo.

---

Mleta uzi

Basi tumeelewana. Yamebaki mambo ya utekelezaji.

Mwalimu ataletewa kijana wa kunakili daftari wiki ijayo. Tafadhali mtu asimsumbue kwa simu kabla ya hapo. Wenye mawasiliano na wenzetu wa mkondo A wanitumie mimi kwa ujumbe binafsi, wasiweke namba za watu hadharani hapa. Wa Rombo wanamwona Mwenye Redio, wa Same na Mwanga wanamwona Mpare, wa kutwa wote wanajulikana kwa Wa Kutwa. Wa Arusha nitawatafuta mwenyewe, kwa kuwa nakaa Sakina na wengi wao hawako mbali. Dada wa Bweni la Wasichana amekubali kuwatafuta wale aliowataja, peke yake, na atatueleza tu kama watakuja au hawatakuja.

Chakula kitapikwa na wapishi wawili wa zamani wa shule, ambao bado wako kijijini na wamesema wazi kwamba ugali wa dona hawapiki siku hiyo. Ndizi zitatoka Kilema. Mbuzi watanunuliwa mnadani, na kamati ndogo ya kuwachagua imejaa, msijiandikishe tena.

Mwisho, tunatafuta picha ya kidato cha kwanza mwaka 1998, iliyopigwa mbele ya ofisi na mpiga picha mmoja wa Himo kabla mikondo haijaanza kupungua. Tulitoa fedha, na najua angalau nakala chache zilifika. Mwenye nayo aipige kwa simu, ukubwa wote, bila kukata pembeni.